Mashine ya kufulia ilikuwa inatafuna nguo, nikamlaumu mtoto

Tundu la kwanza lilikuwa dogo kama kichwa cha pini. Lilikuwa kwenye fulana yangu nyeupe, upande wa mbele, chini kidogo ya kitovu, na nililigundua nikiwa nimeshavaa na nimeshachelewa. Nikaichomekea fulana ndani ya suruali, nikaondoka. Wiki iliyofuata fulana ileile ilikuwa na matundu matatu, na ya mume wangu mawili.

Ukiona tundu kwenye nguo huwazi mashine, unawaza mdudu. Mimi niliwaza nondo. Nikatoa nguo zote kabatini, nikapangusa kila rafu, nikazirudisha moja moja. Baadaye nikaja kujua kwamba anayekula nguo si nondo mwenyewe bali kiwavi wake, na chakula chake ni sufu, manyoya na hariri, vitu vinavyotoka kwa wanyama. Pamba iliyofuliwa ikatakata haimvutii. Fulana zetu zote zilikuwa za pamba, na sweta la sufu, ambalo kwa kiwavi ni karamu, lilikuwa palepale halina hata alama. (Kuna sweta jingine la sufu ambalo nililimaliza mwenyewe miaka ya nyuma, kwa kulifua kwenye maji ya nyuzi 60. Liliingia la mtu mzima, likatoka la mwanasesere. Unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo madogo. Ukiupa maji, joto na kusukwasukwa kwa pamoja, magamba hushikana na hayaachiani tena. Hilo sikumsingizia mtu.)

Baada ya nondo nikahamia kwenye mkanda wa suruali. Pale chini ya kitovu ndipo fulana inaposuguana na chuma cha mkanda, na ndipo unapoegemea ukingo wa kaunta ukiosha vyombo. Nikaacha kuvaa mkanda. Matundu yakaendelea, sasa mpaka mgongoni, na sijapata kuosha vyombo kwa mgongo.

Ikafika zamu ya binti yangu.

Ana miaka 7, na ana historia. Mwaka uliotangulia alikata kipande cha gauni lake la kijani amshonee mwanasesere sketi, na alipoulizwa akasema gauni limechanika lenyewe. Kwa hiyo siku nilipokuta shati lake la shule lina vitundu vinne karibu na mfuko, sikutafuta mbali. Nilichukua mkasi wake wa kukatia karatasi, ule butu wenye mipini ya plastiki, nikaufungia kabatini.

“Mama, si mimi.”

“Hata gauni la kijani ulisema si wewe.”

Akanyamaza. Mtoto akinyamaza kwa hoja kama hiyo, mzazi hujiona ameshinda kesi. Laiti ningeutazama ule mkasi kabla ya kuufungia, ningeona kwamba haukuwa na ncha ya kutoboa hata karatasi iliyolowa.

Wakati wote huo mashine ilikuwa inapiga kelele. Ilianza kama mvumo mdogo wakati wa kukamua, ukakua taratibu kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema ulianza lini. Tukazoea kupaza sauti ikifika hatua hiyo, au kusitisha mazungumzo mpaka imalize, kama watu wanaokaa karibu na uwanja wa ndege. Siku moja mgeni alishtuka akauliza kuna nini huko nyuma. Nikamjibu “mashine tu”, na hata mimi nikasikia jinsi hilo “tu” lilivyokuwa halina maana. Ilikuwa pia imeanza kutembea. Nikiiacha imenyooka na ukuta nairudia imegeuza bega, kama mtu aliyenuna.

Kisha yakaja madoa. Alama za kijivu iliyokolea, nyembamba kama mstari wa penseli ya kaboni iliyopakwa mafuta, kwenye mashuka na kwenye kola. Ukizirudisha kwenye mashine zinatoka na wenzao. Niligundua kwamba sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ukiipaka juu ya doa likiwa bado kavu na kuiacha dakika kadhaa kabla ya kugusisha maji, inaliondoa doa hilo kuliko sabuni ya unga. Hapo ndipo ningejiuliza: sabuni ya vyombo inaondoa nini? Mafuta. Na mafuta yanaingiaje ndani ya mashine inayofua kwa maji na sabuni? Sikujiuliza. Nilifurahia tu kwamba nimepata dawa.

Iliyoifikisha mashine kizimbani ilikuwa shati la mume wangu, jipya, alilolivaa mara moja. Programu ilipoisha nikafungua mlango, nikavuta, na mkono mmoja wa shati ukagoma. Ulikuwa umebanwa kati ya ukingo wa dramu, lile pipa la chuma linalozungusha nguo, na ule mpira mpana wa mlangoni, umezama humo mpaka karibu na kiwiko. Nilivuta polepole, nikazungusha dramu kwa mkono wa pili, nikavuta tena, kitambaa kikaniachia kwa sauti ambayo kila aliyewahi kuchana nguo anaijua. Kilipasuka kuanzia kwenye kifungo cha mkono kwenda juu, na pembeni mwa mpasuko kulikuwa na ule mstari wa kijivu. Nikakaa sakafuni nikiwa nimelishika. Nilikuwa nimemkuta mwizi na nyama mdomoni.

Nikapiga simu kwa huduma ya wateja ya waliotuuzia. Sitawataja, na kusema kweli nadhani ningepewa majibu yaleyale popote. Dada aliyepokea alikuwa mpole na alikuwa na orodha. Je, nakagua mifuko kabla ya kufua? Nafunga zipu? Najaza kupita kiasi? Nguo zangu zina vyuma? Kila swali lilikuwa limeshanihukumu. Nikamwambia mashine ina kibandiko kikubwa mbele kinachosema dhamana ya miaka 10. Akaniuliza kwa upole uleule nisome maandishi yaliyo chini ya hiyo 10. Nikasoma: ya mota.

Sijui kama umewahi kuichunguza dhamana ya namna hiyo. Mota ya mashine za siku hizi, hasa zisizo na brashi za kaboni, ni miongoni mwa vitu vinavyodumu sana humo ndani. Kukupa miaka 10 ya mota ni kama kukuuzia nyumba na kukuhakikishia msingi, huku paa likiwa la kwako mwenyewe kuanzia mwaka wa tatu. Na kuhusu nguo zilizoharibika, dada alisema, dhamana haihusiki kabisa.

Fundi niliyempata alikuja na begi dogo, akaanza kwa kutofungua chochote. Alifungua mlango tu, akashika ukingo wa juu wa dramu kwa vidole, akauinua. Ukaitika: klak. Akaushusha: klak.

“Umesikia, mama?”

Nilisikia. Dramu nzima ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Akaizungusha taratibu kwa kiganja, na kutoka nyuma ukaja mlio wa mchanga unaosagwa.

Halafu akaniomba soksi ndefu ya nailoni iliyochakaa. Nilidhani nimesikia vibaya. Aliivaa mkononi kama glavu, akaingiza mkono ndani ya dramu, akaanza kupapasa ukuta wote wa ndani, mstari kwa mstari, bila haraka. Nailoni ile ni laini kiasi kwamba inanasa mahali ambapo kidole kingepita bila kujua. Ilinasa mara moja tu, upande wa chini karibu na nyuma. Akamulika tochi. Kwenye moja ya yale matundu madogo ya dramu kulikuwa na ncha ya chuma, ndefu labda milimita 3, imechungulia ndani.

“Hiki nini, mama?” aliuliza, kisha akageuka haraka kutazama dari, maana alikuwa ameshajua, nami nilikuwa nimeshajua. Ulikuwa waya wa sidiria. Wangu, kwa kuwa nyumbani mwenye sidiria ni mmoja.

Waya huo hutoboa mshono wake, hutoka, na dramu ikizunguka kwa kasi hupita kwenye tundu kama uzi unaoingia sindanoni. Ukitumbukia wote, unalala chini kwenye pipa la nje, lile la plastiki linaloshika maji, na unaweza kukaa humo miezi bila kumdhuru mtu. Wangu haukutumbukia wote. Ulikwama nusu huku nusu kule, ukawa unazunguka na dramu, mkia ukikwaruza pipa na ncha ikizingoja nguo. Wakati wa kufua dramu huzunguka takriban mara 50 kwa dakika, nguo zinapanda na kudondoka, na kila zikidondoka kuna moja inayopita juu ya ncha. Wakati wa kukamua ni balaa zaidi. Mashine yangu hufika mizunguko 1,200 kwa dakika, na dramu yake ina upana unaokaribia nusu mita. Kwa kasi hiyo nguo hugandamizwa ukutani kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 300. Fulana iliyolowa yenye uzito wa nusu kilo inabonyezwa pale kama mzigo wa zaidi ya kilo 150, na chini yake kuna ncha ya chuma. Nikishangaa, nishangae kwamba matundu yalikuwa madogo.

Kwa hiyo yule dada wa simu alikuwa na haki, nusu. Nguo zangu zilikuwa na vyuma. Kijitabu cha mashine kinasema sidiria zifuliwe ndani ya kifuko cha wavu, kinasema pia kwamba ule uzito mkubwa ulioandikwa mlangoni ni wa pamba kavu kwa programu ya pamba, na kwamba programu za nguo laini hubeba pungufu, robo yake au nusu, kutegemea mashine. Nilikuwa sijakisoma. Nani anakisoma? Nilikuwa nimekifungia kwenye droo ileile nilikofungia risiti.

Lakini nusu nyingine haikuwa yangu, na hapa ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo.

Waya haukufanya dramu icheze. Waya haukutoa mafuta. Dramu ya mashine ya mlango wa mbele imeshikwa upande wa nyuma peke yake. Mbele hakuna kitu kinachoibeba. Ule mpira wa mlangoni unazuia maji tu. Jaribu kushika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa mbele, halafu uizungushe. Bega lako ndilo beringi mbili, pete za chuma zenye gololi ndani, zilizokaa nyuma ya pipa, moja kubwa na moja ndogo. Mbele ya beringi kuna sili, pete ya mpira inayozuia maji yasizifikie. Sili ikichakaa, maji yenye sabuni yanapenya, yanaosha grisi, chuma kinapata kutu, gololi zinaanza kusagana. Huo ndio ule mchanga niliousikia. Grisi iliyochanganyika na kutu inarudi ndani ya pipa na kuchora mashuka. Na dramu inainama mbele kidogo kidogo, nafasi kati ya ukingo wake na mpira inapanuka upande mmoja, na mkono wa shati unapata mlango wa kupitia.

Fundi alianza na waya. Alichomoa umeme, akatoa maji kwa chini kupitia chujio la pampu, akafungua kifuniko cha nyuma, akalegeza nati ya kipashio cha maji moto na kukivuta. Kilitoka kimevaa koti jeupe la chumvichumvi ya maji. Kupitia tundu lake aliingiza koleo jembamba na kuanza kuvua: waya kwanza, kisha pini ya nywele, vifungo viwili, na soksi tatu ndogo za mtoto, kila moja bila mwenzake. Zile soksi nilikuwa nimezitafuta chini ya vitanda. Nilizipanga juu ya mashine kama ushahidi, na hapo tu ndipo nilipomkumbuka binti yangu na mkasi wake.

Kisha akafungua mfuniko wa juu ili anionyeshe mengine, nikaona bonge la zege. Zege hasa, kama la ujenzi, limefungwa kwa bolti juu ya pipa. Niliwahi kujiuliza kwa nini mashine hizi ni nzito hivyo, na jibu ndilo hilo: uzito wa kuituliza. Mashine za kwanza za mlango wa mbele zilizojiendesha zenyewe majumbani, ambazo kampuni ya Bendix ya Marekani ilizitoa mwaka 1937, zilibidi kufungwa kwa bolti sakafuni ili zisitembee zikikamua. Leo pipa linaning’inia kwa springi, likiwa limebebeshwa zege, na linaruhusiwa kutikisika bila kulitikisa sanduku. Yangu ilikuwa imechoka kiasi kwamba hata zege halikuituliza.

“Beringi zenyewe si tatizo,” fundi alisema. “Tatizo ni pipa.”

Pipa la nje lina nusu mbili. Kwenye mashine nyingi za zamani nusu hizo zilifungwa kwa bolti au klipu. Unazifungua, unatoa dramu, unabadilisha beringi, unafunga. Kwenye yangu, kama ilivyo kwenye nyingi za sasa, zimeunganishwa kiwandani kwa kuyeyushwa. Hakuna bolti. Beringi ikifa, kiwanda kinakutaka ununue pipa zima na dramu yake ndani, kifurushi ambacho bei yake ukijumlisha na ufundi inakaribia ya mashine nyingine. Umoja wa Ulaya una sheria, iliyoanza kutumika Machi 2021, inayowalazimu watengenezaji kuwa na vipuri vya mashine za kufulia kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni. Beringi zimo kwenye orodha, pamoja na dramu. Lakini maandishi yanaruhusu viuzwe kimoja kimoja au vyote kwa pamoja. Aliyeongeza maneno hayo alijua vizuri alichokuwa anafanya.

Na beringi yenyewe ni kitu cha kawaida mno. Fundi alinionyesha namba iliyochongwa pembeni: 6205. Namba hiyo ni ya vipimo vinavyojulikana dunia nzima, milimita 25 tundu la ndani, 52 upana wa nje, 15 unene. Utaikuta kwenye mota za kila aina. Kitu cha kujaa kiganjani, kinachouzwa kila mahali, kimefungiwa ndani ya plastiki isiyofunguka, ndicho kinachoamua kama mashine nzima ni mzima au maiti.

“Tunaweza kulikata,” alisema.

“Kulikata kwa kutumia nini?”

“Kwa msumeno wa chuma.”

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Siku ya pili alilitoa pipa zima, akalilaza kwenye turubai, na kabla ya kugusa msumeno akatoboa matundu kuzunguka mshono wote, kila baada ya sentimita chache. Nikamuuliza kwa nini anatoboa kitu anachotaka kukikata. Alisema: ukikata kwanza, hutajua tena nusu hizi zilikuwa zimekaaje, ukitoboa kwanza, bolti zenyewe zitakurudisha. Kisha akakata. Ilichukua muda mrefu, akibadilisha mkono, vumbi la plastiki likijaa kwenye nyusi zake. Pipa lilipofunguka, tukaona nyuma ya dramu kumejaa utando wa kijivu, sabuni na nyuzinyuzi za nguo za miaka zilizoganda kama ugoro. Nilikuwa nafulia nguo humo nikiziona safi.

Beringi za zamani zilitoka kwa nyundo, vipande vipande, kahawia tupu. Mpya zikaingia, sili mpya ikaingia na grisi isiyoyeyuka kwa maji, akapaka silikoni kwenye mshono, akakaza bolti kwa mkato, moja huku na moja upande wa pili, kama anayefunga tairi. Akaniambia tusiiguse mpaka kesho silikoni ikauke.

Kwa siku zile zote nilikuwa nafua kwa mikono. Sitajifanya nilifurahia. Mgongo uliuma, na shuka la kitanda kikubwa likilowa ni adui. Ila mikono haiwezi kufua sidiria yenye waya uliochomoza bila kujua, na haiwezi kuendelea kukamua shati lililonasa.

Mashine ilipowashwa tena niliipa matambara kwanza, yale mashati na fulana zilizokwisha kuharibika, ili kama bado ina njaa ile vyake. Ilifua. Ilikamua. Tulisimama wote wawili tukiitazama, na ilipofika 1,200 niliendelea kuongea na fundi kwa sauti ya kawaida, nikagundua kwamba napaza sauti bila sababu. Chini kulikuwa na tone moja la maji, likakauka lenyewe, halijarudi hadi sasa. Nimenunua kifuko cha wavu. Soksi ya nailoni ipo kwenye droo, juu ya kijitabu, na mara moja kwa mwezi naivaa mkononi na kupapasa.

Jioni ile nilifungua kabati, nikatoa mkasi, nikamwita binti yangu. Nikamweleza yote, waya na beringi, nikamwonyesha soksi zake tatu. Alisikiliza akiwa ameshika kiuno.

“Kwa hiyo shati la shule si mimi?”

“Si wewe. Nisamehe, mama.”

“Na fulana ya baba?”

“Si wewe.”

Akafikiri kidogo. “Na gauni la kijani?”

“Gauni la kijani ni wewe.”

“Haya,” alisema, akachukua mkasi wake akaondoka.